Watakatifu Niliowapanga Mwenyewe

Riziki mwanangu,

Umekwenda Kibuli kumuaga shangazi yako, baba yako yuko zamu mpaka jioni, na mimi nimebaki hapa na sanduku lako na ile fomu ya chuo cha ualimu. Iko mezani, chini ya pasi, pale pale ulipoiweka wiki mbili zilizopita. Hukusema hata "Mama, naomba unijazie." Uliiweka tu, ukaweka na kalamu juu yake, ukaenda kuosha vyombo. Kesho alfajiri unapanda basi la Gulu, na masista wa chuo wamesema wazi kwamba bila fomu hiyo hawakupokei. Padri amekataa kuijaza yeye. "Aliyemsimamia darasani ndiye anayemjua," aliniambia, na muhuri wake akaupiga pale chini kwenye karatasi tupu. Kwa hiyo safari yako yote iko mikononi mwa mtu ambaye tangu Novemba karibu hajakuambia kitu isipokuwa chakula kiko tayari na funga mlango.

Sitakuandikia habari za soksi, wala dawa ya meno, wala namna ya kuishi na wasichana wa bweni moja. Una miaka kumi na tisa na unajua kufua. Ila kuna jambo nitalisema kwanza, usije ukadhani nakubembeleza: ulinisaliti. Nimetafuta neno jingine tangu asubuhi, lililo laini kidogo, sikulipata. Nimelala nalo miezi mitatu. Lakini nikisema hilo peke yake na kufunga bahasha, nitakuwa nimefanya tena kile kile kilichonifikisha hapa, kusimulia nusu ya habari. Basi soma mpaka mwisho, hata kama basi linakutikisa.

Darasa la Jumamosi unalijua, umekulia humo. Lakini ulilijua kutoka kwenye mkeka, ukiwa umekaa na wenzako, na mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili. Nilipofika Kampala kutoka Bukavu sikuwa na Kiganda hata cha kusalimia. Niliwafulia watu nguo. Sokoni Nakawa niliitwa "yule Mkongo," hata na wale niliokuwa nikinunua nyanya kwao kila siku. Nilipoolewa na baba yako nikawa "bibi ya yule polisi wa Arua." Hakuna aliyekuwa na haja ya jina langu. Kisha parokia ikatafuta mtu wa kuwafundisha watoto wanaosema Kiswahili, wa kambi ya polisi na wa wafanyabiashara wetu Wakongo, maana katekisimu ya Kiganda iliwapita juu ya vichwa. Nikanyoosha mkono. Wiki mbili baadaye mtoto mmoja alinikimbilia barabarani akipiga kelele, "Mama Katekista! Mama Katekista!" na watu wakageuka kuniangalia. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba yako kwamba sasa nina jina. Ulikuwa na miaka mitano, ukaniuliza, "Kwani zamani hukuwa nalo?"

Unakumbuka tulivyofanya kila mwaka kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Kikapu chenye vipicha vya watakatifu, kitenge juu yake, watoto wamepanga mstari kwenye baraza ya ukumbi. Kila mtoto anafumba macho, anaingiza mkono chini ya kitenge na kutoa kadi moja. Yule aliyemtoa ndiye anayetembea naye mwaka mzima. Atajifunza maisha yake, atajaribu fadhila yake nyumbani, na siku ya sikukuu atasimama mbele ya wazazi aseme, "Mimi ni Martini mfagiaji, fadhila yangu ni unyenyekevu," huku ameshika ufagio wa mama yake. Nami niliwaambia kila mwaka maneno yale yale: "Si wewe unayemchagua mtakatifu. Yeye ndiye anayekuchagua."

Mwaka wa kwanza ilikuwa kweli. Niliacha kikapu kifanye kazi yake. Mtoto mmoja ambaye baba yake alikuwa akimchapa kwa waya akamtoa Laurenti, yule aliyechomwa juu ya chuma. Alilia mpaka akatapika. Nikasema moyoni, hapana, hii haitajirudia mbele yangu. Mwaka uliofuata akaja darasani msichana aliyetoka upande wetu, mama yake alipotea njiani wakati wa kukimbia vita, na yeye hakuwa anasema na mtu. Nilitafuta kadi ya Yosefina Bakhita, yule aliyeibwa utotoni hata akalisahau jina lake, na zamu ya msichana ilipofika nikaiweka juu ya zote. Watoto wadogo hawachimbi, Riziki. Wanachukua kadi ya kwanza inayogusa vidole. Akaitoa, nikamsimulia, na Jumamosi ya tatu akafungua kinywa akamwuliza jirani yake, "Na mimi nitasahau jina langu?" Mama mmoja aliyekuwa amesimama pale akashika mdomo. Akasema, "Huyu mama iko na karama kweli. Mutakatifu anajua mutoto wake."

Hapo ndipo nilipoharibika. Huruma ilikuwa ya kweli, siikatai, lakini ile sentensi ya yule mama ilinilewesha. Mwaka uliofuata niliwapangia watoto watano. Mwaka wa nne niliwapangia wote. Nilinunua daftari la bluu, nikawa naandika siku mbili kabla: jina la mtoto, jina la mtakatifu, na sababu. Mwizi wa maandazi, Dismas, yule mwizi aliyetubu msalabani. Anayegombana na ndugu zake, Fransisko wa Sale, yule mpole. Baba mlevi, Monika, aliyemvumilia mume mkali. Wazazi wakaanza kuja mapema wapate nafasi ya mbele, wakitikisa vichwa kwa mshangao kadi zinapotoka. Sikuwahi kuwaambia kwamba nina karama. Niliwaacha waseme tu, nikiinamisha macho, na ule unyenyekevu wangu wa kuinamisha macho ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuufanya.

Wewe nilikupangia kuliko wengine. Tucheke kidogo hapa, maana tulikuwa tunacheka zamani. Mwaka ulipokataa kuosha vyombo ulimpata Zita, mtumishi wa nyumbani. Mwaka uliponijibu mbele ya wageni ulimpata Bernadeta, ambaye nilikusimulia utii wake tu, na lile la kusimama mbele ya wakubwa wenye vyeo na kukataa kubadilisha maneno yake nikalimeza. Ulitamani sana Yoana wa Arc, yule msichana wa farasi na upanga. Kila mwaka nilimtoa kikapuni nikamficha ndani ya kitabu cha nyimbo, kwa sababu nilijua siku ukimpata huyo, mimi nimekwisha. Ulipokuwa na miaka tisa ulishika kadi ya Zita ukaniangalia usoni. "Mama, Zita amenichagua?" Nikasema ndiyo. "Mbona alikuwa juu kabisa, na mtakatifu wa Petero, mwenzangu, pia alikuwa juu kabisa?" Nikakuambia unyamaze. Ukanyamaza. Ulinyamaza miaka kumi.

Hicho ndicho kilichonifanya nikuamini. Ulipofika miaka kumi na tano ukawa msaidizi wangu. Ulikata kadi, ulipaka rangi, ulikunja kitenge, na ulinipa kikapu mkononi kikiwa tayari kimepangwa. Hatukuwahi kulizungumza. Nilidhani tumeelewana, mimi na wewe, kwamba ni kitu kidogo kinachofanywa kwa upendo. Leo naona nilikupa mzigo ukiwa na miaka tisa nikauita siri yetu.

Sasa Novemba. Nitaisimulia kama nilivyoiona mimi, nawe useme moyoni kama nimeongeza.

Akello alikuwa na miaka sita, binti wa koplo wa kambini, mwenye pengo la meno mawili. Mama yake alikuwa amelazwa Mulago na uvimbe tumboni, na madaktari walikuwa wamempangia upasuaji Alhamisi. Siku mbili kabla ya kuokota kadi niliandika kwenye daftari: Akello, Kamili, mama mgonjwa. Kamili wa Lellis, mlinzi wa wagonjwa. Jumamosi mtoto akaingiza mkono, akaitoa, nami nikapiga magoti mbele yake. Nilisema, na haya maneno sitayasahau mpaka nife, "Akello, unaona? Mtakatifu wa wagonjwa amekuja mwenyewe. Amemwona mama yako." Nilitaka tu mtoto alale usiku. Naapa ni hilo tu nililolitaka.

Aliipeleka kadi wodini. Na Jumamosi iliyofuata, tukiwa tumekaa na wazazi wote, nani anaingia? Mama Akello mwenyewe, amejifunga kitenge mara mbili tumboni, uso umekauka, anamshika mtoto bega ili asianguke. Akaomba nafasi atoe ushuhuda. Nakumbuka kila neno lake.

"Mimi nilikuwa naogopa kisu sana," alisema. "Dakitari anasema Alhamisi watanipasua. Sasa mutoto analeta hii kadi, anasema, Mama, Mutakatifu amekuja yeye mwenyewe, Mama Katekista amesema. Mimi nikajua Mungu amejibu. Nikavaa nguo yangu, nikatoka. Kisu hapana tena."

Watu walipiga makofi. Riziki, na mimi nilipiga makofi. Nilikuwa najiambia nitamfuata baadaye, nitamwambia kwa faragha, nitatafuta namna. Na huenda ningefanya hivyo. Na huenda nisingefanya. Wewe hukunipa muda wa kujua.

Ulisimama karibu na viti vya nyuma. Hukupandisha sauti. "Mama Akello, samahani. Kadi haikuja yenyewe. Mama aliiweka juu. Huwa anaziweka zote. Tafadhali urudi hospitali."

Watoto wakaacha kuchezea mkeka. Watu wote wakanigeukia, na nilikuwa na sekunde moja ya kuwa mtu. Nikasema, kwa sauti ile ile ninayowasomea Injili, "Huyu mtoto anasema uongo."

Ndivyo nilivyosema. Mwanangu wa pekee, niliyemfundisha kushika kalamu, nilimwita mwongo mbele ya wazazi arobaini na watoto wao.

Na wewe ukafanya lile ambalo mpaka leo linanichoma. Hukulia, hukukimbia. Ulikwenda kwenye mkoba wangu wa kanisani, ukaufungua, ukatoa daftari la bluu, ukampa Mama Solange aliyekuwa akifundisha nami. Akasoma kwa sauti. "Akello, Kamili, mama mgonjwa." Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine, na wazazi wakasikia kuhusu watoto wao: mwizi, mkorofi, baba mlevi. Yule baba mlevi alikuwepo. Maneno yako ningeyasamehe mapema zaidi. Mkoba wangu, Riziki! Mkoba ambao hata baba yako haugusi.

Mama Akello hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliwahi kuniona wapi, kisha akamwambia mtoto, "Twende," wakaondoka polepole. Alipasuliwa wiki mbili baadaye. Anaishi, ashukuriwe Mungu, amerudi kwenye meza yake ya nyanya pale Nakawa, lakini bado anakaa kwenye kigoda anapouza, zamani alikuwa hasimami mahali pamoja. Nimekwenda mara mbili nimwombe radhi. Mara zote mbili nilifika mpaka kwenye meza za vitunguu nikarudi. Hilo nakuambia wewe tu.

Jumatatu yake Padri aliniita akaniambia nipumzike. Kikapu kikaenda kwa Mama Solange, na kitenge changu juu yake, hata hakuuliza kama ni cha parokia au ni changu. Wale mama waliokuwa wananiita mwenye karama walianza kuvuka barabara. Nilikutana na Solange kwenye bomba la maji nikamwuliza, kwa nini ulisoma kwa sauti, wewe rafiki yangu? Akaweka dumu chini. "Mama Riziki," akasema, "sisi wote tulijua tangu zamani. Kwani ni kadi gani ile inajua mambo ya nyumba ya mutu? Tuliona inasaidia watoto, tukanyamaza." Walijua! Walipiga makofi wakijua, waliniita mwenye karama wakijua, na siku mambo yalipoharibika wakashika midomo kama wanaosikia kwa mara ya kwanza. Nilikaa juu ya dumu langu pale bombani nikalia bila kujali nani ananiona.

Kwa hiyo hasira yangu haikuwa na mlango mmoja. Lakini waliokuwa mbali sikuweza kuwafikia, na wewe ulikuwa hapa nyumbani, ukinipikia, ukipiga pasi sare ya baba yako. Ndiyo maana yote iliangukia kwako. Baba yako alivumilia mwezi mmoja. Kisha siku moja akiwa anavua buti akasema bila kunitazama, "Mimi iko polisi miaka ishirini na mbili. Nimeona watu mingi nakataa ushahidi. Sijaona mama nafunga mutoto wake juu ya kusema kweli." Nikamwambia hajui uchungu wa kuvuliwa nguo mbele za watu na mtoto wako mwenyewe. Akasema, "Najua. Lakini nani alikuwa amelala na tumbo bovu, wewe ama ule mama?" Sikumpa chai siku ile.

Na wewe nilikuuliza mara moja tu. Ulikuwa unamenya viazi. Nikasema, miaka kumi ulinyamaza, kwa nini siku ile? Nilitaka uombe msamaha. Nilikuwa nimeuandaa hata msamaha wangu, namna nitakavyochelewa kidogo kabla ya kuutoa. Ukasema, "Kwa sababu zamani hakuna mtu alikuwa anakufa," ukaendelea kumenya. Nilitoka jikoni nikasimama uani muda mrefu. Nilikuchukia dakika ile, Riziki. Naliandika hilo kwa sababu unakwenda kuwa mwalimu wa watoto wadogo, na siku moja utasimama mbele ya mtoto aliye sahihi kuliko wewe, na utaliona lile joto likipanda shingoni. Litakapopanda usidhani umekuwa shetani. Ngoja tu kabla ya kufungua mdomo. Mimi sikungoja.

Sasa kazi ni yako, na ninayo mengi ambayo ningetaka kuyarekebisha kwa mikono yako, lakini nitajizuia. Nitakuambia tu nilichokifanya kwa watakatifu wenyewe. Niliwaosha. Kila niliyemleta darasani nilikuwa nimemfua na kumpiga pasi kwanza. Kamili nilimsimulia kwa miaka kumi na mitatu akiwahudumia wagonjwa, akiwabusu mikono, akilala kwenye ngazi za hospitali. Sikuwahi kuwaambia watoto kwamba alikuwa askari mcheza kamari aliyepoteza mpaka shati lake. Wala sikuwaambia kuhusu mguu. Alikuwa na kidonda mguuni tangu ujana, Riziki. Watawa walimrudisha nyumbani kwa ajili ya kidonda hicho. Hakikupona. Alizunguka kati ya vitanda akichechemea mpaka uzee wake, akawauguza watu wengi, na kidonda chake kikaenda naye kaburini. Nilikijua. Nilikiona hakifai kwa watoto.

Fikiria kama ningemwambia Akello habari za mguu. Angefika wodini na kadi ile ile, angemwambia mama yake, "Huyu naye alikuwa mgonjwa, mguu wake haukupona, na hakuacha kwenda hospitali." Yule mama asingevaa nguo kuondoka. Nimelifikiria hilo usiku mwingi kuliko jambo jingine lolote. Kupanga kadi lilikuwa kosa, lakini kilichomtoa yule mama kitandani ni ile nusu ya habari.

Watoto wanazijua nusu zilizokosekana, na mimi niliwaziba midomo. Kuna mmoja aliyeniuliza nilipokuwa nasimulia Petro kumkana Bwana mara tatu, "Mama Katekista, sasa ule Petro aliomba pole siku gani?" Nikamjibu kwamba alilia sana. "Hapana," akasema, "kulia najua. Nauliza kuomba." Nikamwambia tusonge mbele, muda umekwisha. Muda haukuwa umekwisha. Nilikuwa sina jibu, na mwalimu asiye na jibu huangalia saa. Ukikutana na mtoto wa aina hiyo huko Gulu, mwache akutese. Mwambie Teresa alisinzia kwenye sala, wapo watakaofurahi sana kusikia. Mwambie Yeronimo alikuwa na hasira na ulimi mkali kuliko mama yako, asiamini. Na mtoto akitoa kadi isiyomfaa, kaa naye chini, ulie naye kidogo kama ni Laurenti. Nilikuwa nakimbia kile kilio. Nilidhani kazi yangu ni kuhakikisha hakitokei.

Jua limeanza kushuka na najua utarudi muda si mrefu, kwa hiyo nije kwenye fomu.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Jina, kanisa, amesaidia darasani miaka mingapi, ana afya, anapenda watoto. Niliyajaza siku ile ile uliyoileta, hukujua. Nikafika swali la sita nikaweka kalamu. Limeandikwa hivi: "Je, ni mkweli? Eleza kwa mfano mmoja ulioushuhudia mwenyewe." Nusu ukurasa wameacha kwa ajili ya mfano. Nimelikwepa wiki mbili. Nilijaribu kukumbuka mifano mingine, ya kawaida, ulivyorudisha chenji dukani, ulivyokiri kuvunja sahani. Nilifikiri hata kuandika "ndiyo" tupu nikapiga mstari. Mara moja, Mungu anisamehe, nilifikiri kuacha wazi. Nilifikiri: hana fomu, haendi, atabaki hapa mezani mpaka aniombe radhi. Umeona mama yako alipofika. Niliitazama ile kalamu yako juu ya karatasi nikaelewa kwamba ulijua ninaweza kufanya hivyo, na bado uliiweka.

Sitaki tena uniombe radhi. Mimi ndiye ninayekuomba, kwa kukuita mwongo, na kwa ile siri ya miaka kumi. Lakini sitakudanganya kwamba moyo wangu umekwisha kutulia. Nikiona mkoba ule bado nasikia mkono wako ndani yake. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye basi, nitabeba begi dogo, na pengine nitakuwa na uso mbaya. Uvumilie huo uso, utachukua muda.

Fomu iko ndani ya bahasha hii, imejazwa. Swali la sita nimeliandika kwa kalamu yako, na ili usije ukasoma ukiwa mbele ya Sista ukaaibika, hiki ndicho nilichoandika:

"Ni mkweli. Mimi ni mama yake na nilikuwa mwalimu wake. Novemba iliyopita niliwadanganya watoto na wazazi kuhusu watakatifu, na mama mmoja mgonjwa akatoka hospitali kwa sababu yangu. Binti huyu alisimama peke yake akasema kweli mbele ya watu wote. Nikamwita mwongo, naye hakurudi nyuma. Watu wengine walijua na walinyamaza. Mkimpokea, jueni kwamba siku mtakapowadanganya watoto, atawasema na ninyi."

Kisha nikatia sahihi, na chini yake, kwa herufi kubwa wanazotaka, nikaandika jina langu lote.

Mama